Chembe Zenye Adabu

Kumpikia chai mwalimu wangu wa Kemia ilikuwa ni kujitafutia maudhi. Ukimpa kikombe anauliza sukari imetiwa lini, kabla maji hayajachemka au baada, na aliyekoroga alikoroga kwa nguvu gani. Ukimwambia hukumbuki, anakutazama kwa huruma. Andazi hakulila zima. Alilikata vipande, akavikata vile vipande, akavisaga kwa vidole mpaka zikabaki chenga, akazimimina kwenye chai na kumweleza yeyote aliyekaa karibu kwamba sasa andazi na chai zina mahali pengi zaidi pa kukutana. Kisha alikunywa ule uji kwa kijiko, ameridhika kabisa, na sisi wengine tukatazama nje dirishani.

Usije ukadhani mtu wa namna hiyo alikuwa mwepesi. Maisha yake yote alifundisha mwendo wa mmenyuko, yaani kwa nini vitu vingine huungana upesi na vingine hujivuta, na yeye mwenyewe alikuwa wa kundi la pili. Kutoka getini hadi ofisi ya walimu ni mwendo wa kumaliza pipi. Yeye alimaliza kipindi. Alisimama kumtazama mpishi akipuliza kuni, akasimama kuona kutu kwenye nguzo ya goli imefika wapi tangu jana, akasimama kwa sababu ameshasimama. Kanisani aliingia mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, na akiulizwa anajibu, "Sijachelewa. Nimekuja kwa joto la kawaida." Mke wake, mama wa kwaya mwenye ulimi mkali na moyo laini, alikuwa akituambia kwamba mumewe amesomea haraka za wenzake.

Mimi nilimjua kwanza nikiwa mwanafunzi wake katika shule moja ya sekondari huko Muleba. Baadaye nikaenda chuo, nikarudi pale pale nikiwa mwalimu mwenzake wa Kemia, nikapewa meza iliyotazamana na yake. Sijui kama kuna kazi ngumu kuliko kukaa mkabala na mtu aliyekufundisha. Una mshahara wako, una ufunguo wa maabara, lakini kila asubuhi unainuka na shikamoo yako, na akipita nyuma ya kiti chako unaificha simu.

Nilirudi na kompyuta mpakato, na ndani yake kulikuwa na ile programu niliyoipenda sana chuoni. Ukiifungua unaona boksi, na ndani ya boksi chembe nyekundu na chembe za bluu zinarukaruka. Pembeni kuna alama ya joto. Ukiiburuta juu, chembe zinakimbia, zinagongana, na nyekundu ikiigonga bluu sawasawa zinaungana na kuwa zambarau. Ukiishusha zinatambaa. Unaweza kuongeza idadi yao, unaweza kutia kichocheo, unaweza kusimamisha kila kitu ukatazama. Nilimwonyesha kwa heshima zote, nikitegemea mtu wa rika lake ataniambia hayo ni mambo ya vijana.

Alivuta kiti. Akaangalia mpaka kengele ikalia, akaendelea kuangalia. "Kumbe hivi ndivyo walivyo," alisema. Maisha yake yote alikuwa amezichora ubaoni zikiwa zimesimama.

Kuanzia siku hiyo kompyuta haikuwa yangu tena. Kila mapumziko alikuja na kikombe chake cha uji wa andazi na kuomba "kuwaona wale". Mwanzoni aliwaita wadudu, kisha akawaita senene, kwa sababu alisema wanarukia ukuta kama senene wanavyorukia taa. Alipandisha joto mpaka mwisho na feni ya kompyuta ikaanza kulia, naye akanigeukia kwa furaha na kusema hata mashine imeelewa somo. Wakati mwingine alishikamana na chembe moja tu. Kulikuwa na ya bluu iliyozungukazunguka kwenye kona bila kupata mwenza, na aliitetea kuliko anavyotetea mtu ndugu yake. "Huyu hana makosa," alisema. "Amekaa mahali pabaya." Asubuhi iliyofuata jambo la kwanza aliloniuliza, kabla hata hajaitikia salamu yangu, ni kama yule wa kona amepata. Nikamwambia nilizima kompyuta jana jioni. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ukamzima hivyo hivyo?" Alinikasirikia mpaka saa nne.

Sasa, tatizo letu lilikuwa hili, na lilitukalia sisi wawili shingoni muhula mzima. Shule ilikuwa na walimu wawili wa Kemia na haikuwa na mwalimu wa Uraia. Mkuu wa shule, mama mmoja Mwislamu aliyekulia Bilele pale Bukoba mjini, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na kuwaachia wajukuu Kiswahili cha kuonea wivu, alituita ofisini akatukaribisha vizuri kiasi kwamba nilijua kuna jambo.

"Walimu wangu," alisema, "nawapenda nyote, ila watoto wangu wa kidato cha pili hawana wa kuwafundisha Uraia. Mmoja wenu ataniachia Kemia. Simchagui mtu kwa sura. Mdhibiti ubora anakuja muhula huu. Atawatazama wote wawili mkifundisha mada moja, na tutafuata atakachokiona yeye."

Mwalimu alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Tulipotoka nje alisimama kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa kitu.

"Binti yangu, mimi sitaki makubwa," aliniambia. "Nataka tu kustaafu nikiwa Kemia. Nikifa nikiwa Uraia, mchungaji atasimama pale mbele aseme nini?"

"Atasema ulikuwa raia mwema."

"Ndicho ninachokiogopa."

Hakuwa anatania. Nilimwonea huruma, ila na mimi Kemia niliitaka, sikuisomea kwa miaka yote ile ili niende kukaririsha maana ya bendera.

Kuna watu watakaokuambia kwamba Mwalimu alijua nadharia tu na vitendo havikumpenda. Wengi wao ni wakwe zake. Kaka wa mke wake alikuwa anaoza binti, na siku zikawa zimebana, ndizi zimechelewa kuiva na rubisi ilitakiwa iwe tayari kesho yake. Rubisi ni pombe ya ndizi, ina siku yake na haijawahi kuharakishwa na mtu mwenye akili. Mwalimu, ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani, alijitolea kusaidia. Alisema tatizo ni dogo, ni la joto na kichocheo tu. Akaongeza mtama uliokaangwa mara mbili ya kawaida, akakisogeza chombo karibu na moto, akakifunika kwa mablanketi yote ya nyumba ile, pamoja na la bibi yake bibi harusi, aliyelala na kanga. Pombe ilichachuka kwa kasi ambayo wazee hawajawahi kuiona. Haikusimama hapo. Asubuhi walipofunua ilikuwa siki safi, na wageni walikuwa wameanza kuingia uani.

Wakwe walimwuliza amefanya nini. Aliwaeleza kwa kirefu, akichora kwenye udongo kwa kijiti, kwamba mmenyuko umefanikiwa kabisa na umepitiliza kwa sababu ya ubora. Mpaka leo kwenye ukoo ule siki haisemwi mbele yake.

Lakini darasani alikuwa na jicho. Aliniona nikifundisha kwa kompyuta yangu, wanafunzi wamejaa mbele, wanashangilia kila zambarau inapotokea. Baada ya kipindi alimwuliza mmoja amejifunza nini. Mtoto akajibu kwa adabu kwamba timu nyekundu ilikuwa nzuri lakini ilizidiwa. Mwalimu hakucheka. Alikuja kwenye meza yangu akakaa.

"Programu yako ni nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona," alisema. "Ila kuna mtu mmoja tu anayeburuta, wengine wanatazama. Na hakuna aliyegongwa."

Kesho yake aliwatoa kidato cha tatu nje. Alizungusha kamba kwenye nguzo akapata boksi lake, akawaingiza wanafunzi ndani. Nusu wakajifunga ukanda wa jani la mgomba kiunoni, nusu wakabaki hivyo hivyo. Wenye jani na wasio na jani wakigongana sawasawa, wanashikana mikono na kutoka nje ya kamba: hao wameshakuwa kitu kipya. Joto lilikuwa ndoo ya plastiki kutoka jikoni. Ikipigwa polepole wanatembea, ikipigwa haraka wanakimbia, na kila mwanafunzi alipata zamu ya kuishika ndoo na kuamua joto. Yeye alisimama pembeni na mikono nyuma, anang'aa uso.

Haikufanya kazi hata kidogo. Watoto wale wamelelewa Buhaya, na mtoto aliyelelewa Buhaya hajui kumgonga mtu akapita. Msichana mwenye jani alimgonga bega mvulana asiye na jani, akasimama, akasema, "Pole waitu," yaani pole ndugu yetu. Mvulana akasema hapana, kosa ni lake. "Wasibota," wakaulizana wameshindaje, ingawa walikuwa wameketi dawati moja tangu asubuhi. Wakaulizana na habari za nyumbani. Nyuma yao wengine wawili walikuwa wanaombana radhi, na kwenye kona kulikuwa na kikundi kizima kimepiga magoti kidogo kwa kaka mkuu. Migongano ilikuwa mingi ajabu, na hakuna aliyeungana na mtu.

Mimi nilikuwa natazama kutoka dirishani, na nakiri nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwalimu alimwendea mshika ndoo akamwambia aongeze. Ndoo ikapigwa haraka, watoto wakakimbia, na waliogongana wakaanza, "Pole wai..." ikawakatikia mdomoni, kwa sababu kasi imeshawapitisha, na mikono ikashikana yenyewe. Wawili wakatoka nje ya kamba, wengine wawili wakafuata, halafu ghafla wakawa wengi.

Akasimamisha ndoo. "Nani aniambie," alisema, "kwa nini mwanzo mligongana na hamkuungana?"

"Tulikuwa tunasalimiana, Mwalimu."

"Na baadaye?"

"Hatukupata nafasi ya kusalimiana."

"Basi," alisema Mwalimu. "Kila chembe ina adabu yake. Kukutana hakutoshi. Lazima mkutane kwa nguvu ya kuishinda adabu. Joto linawapa hiyo nguvu." Kisha akawaambia waketi kwenye nyasi, naye akaketi nao. Nilikuwa nimeacha kucheka. Ile ni nishati ya kuanzisha mmenyuko, jambo lililonichukua muhula mzima kulielewa chuoni, na watoto walikuwa wamelisema wenyewe wakihema.

Alikuja kuniambia jioni kasoro ya kompyuta yangu ni ipi. "Chembe zako hazisalimiani," alisema. "Sijui zimelelewa wapi."

Wazazi hawakuipenda njia yake. Mama mmoja alifika shuleni kulalamika kwamba mwanawe anapita uani kwa bibi yake bila kupiga goti, na akiulizwa anasema yuko kwenye joto kubwa. Mwalimu alimsikiliza kwa makini, akamwuliza mtoto anapita kwa kasi gani, na yule mama akaenda kumwona Mkuu.

Siku ya mdhibiti ubora mimi nilitangulia. Alikuwa mzee mrefu wa suti ya kijivu, anayeongea taratibu, mtu ambaye ukimwona tu unachomekea shati. Nilifundisha vizuri. Chembe zilikimbia, wanafunzi walikaa kimya, na alipouliza joto linafanya nini, wote waliitikia kwa pamoja sentensi niliyoiandika ubaoni. Aliomba aburute mwenyewe. Aliburuta muda mrefu, na ilibidi Mkuu amkumbushe kwamba kuna kipindi kingine.

Tukatoka kwenda uwanjani. Kamba ilikuwa tayari, watoto wamevaa majani yao, na binti wa mchungaji alikuwa ndani ya kamba na wenzake, msichana mkimya ambaye hata kuitika jina aliitika kwa kunong'ona. Mwalimu alianza vizuri. Ndoo polepole, watoto wakasalimiana. Ndoo haraka, wakaanza kuungana. Nilimwona Mkuu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nami nikajua, pale pale, kwamba nitafundisha Uraia.

Hapo mdhibiti ubora akaamua kuona kwa karibu. Aliinama, akapita chini ya kamba, akasimama katikati ya boksi na mikono yake nyuma.

Mmenyuko ulikufa. Ndoo ilipigwa, ikapigwa zaidi, mshika ndoo akawa anatoka jasho, na hakuna aliyesogea. Wasichana walikuwa chini kwa goti, wavulana wameinamisha vichwa, shikamoo zinatoka kila upande, na mgeni anaitikia moja moja, marahaba, marahaba. Alipomaliza aligeuka akatazama.

"Mbona wamesimama?" aliuliza.

Mwalimu alifungua mdomo, na kabla hajasema kitu sauti ilitoka chini. Alikuwa binti wa mchungaji, goti lake bado limekunjwa.

"Kuna kizuizi kimeingia, Mheshimiwa."

"Kizuizi gani?"

"Wewe, Mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba," alijibu, kwa mazoea. Akafikiri. "Na mkitaka mmenyuko uendelee, mtafanya nini?"

Msichana naye alifikiri, kwa haki kabisa, maana ameulizwa swali na anataka kulijibu sawasawa. "Tungeweza kuongeza joto," alisema, "lakini kwa mtu wa umri wako halitatosha. Ni afadhali utoke."

Mkuu wa shule alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mwalimu peke yake ndiye hakuona kwamba kuna lililoharibika. Alikuwa anamtazama yule msichana kama mtu aliyeletewa zawadi, macho yamejaa maji. Mdhibiti ubora alipita tena chini ya kamba, akatoka. Ndoo ikalia, watoto wakakimbia, na chembe zote zikaungana bila kubakiza hata moja.

Taarifa ilisema kipindi changu kimetumia teknolojia ya kisasa na wanafunzi wana utulivu. Kuhusu Mwalimu ilisema kilikuwa kipindi kizuri cha michezo, na kwamba wanafunzi wasisitiziwe heshima kwa wageni. Mkuu alitusomea yeye mwenyewe, na alipofika mwisho aliikunja karatasi. "Mwalimu wangu," alimwambia, "niwie radhi. Utachukua Uraia." Nilipata nilichokitaka, na niliona aibu kiasi kwamba sikuweza kuvuka chumba kwenda kumpa pole. Saa ya chai siku ile Mwalimu alikula andazi zima, kwa mikono, bila kulikata. Tulimwona wote.

Mwaka wake wa mwisho aliumaliza kimya. Ndoo ilirudi jikoni, kamba ikawa ya kuanikia nguo za bweni. Alikuwa anakishika kitabu cha Uraia kwa vidole viwili. Chembe zangu hakuja tena kuziomba, na nilipomkaribisha alisema asante, ana kazi ya kusahihisha. Tukimwuliza Uraia unaendaje alijibu kwamba raia hawajambo. Tulimfanyia sherehe ya kumuaga, akapewa godoro na mwavuli, akatoa hotuba iliyochelewesha pilau mpaka ikapoa, na ndani ya hotuba nzima hakutaja Kemia. Mke wake alikuja kunishika mkono, akaniambia nisimchukulie vibaya, nyumbani pia haitaji. Wakahamia kwao Maruku, kwenye migomba na kahawa zao.

Wale aliowafundisha Uraia kidato cha pili walipanda kidato cha tatu, wakawa wangu. Tulipofika kwenye mwendo wa mmenyuko nilileta kompyuta, nikaifungua, nikawaambia leo tunaanza mada ngumu kidogo. Mvulana mmoja mrefu wa nyuma alinyoosha mkono.

"Samahani, Madam. Hii tumeshaisoma."

"Mmeisomea wapi? Iko kidato cha tatu."

"Kwenye Uraia, Madam. Mada ya familia."

Nikadhani wananitania. Nikafunga kompyuta. "Haya, niambieni basi."

"Kijana na binti wanaishi kijiji kimoja," alianza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo linalojulikana. "Wanakutana njiani kila siku na hawaoani. Kukutana hakutoshi, Madam. Wanasalimiana, wanaachana. Mpaka wakutane wakiwa na nguvu ya kushinda aibu."

"Na mkolezo?"

"Ukijaza vijana wengi kwenye kwaya moja," alisema msichana wa mbele, "harusi zinaongezeka."

"Joto?"

"Shangazi. Akianza kuuliza utaoa lini, unachemka."

Nilishika ukingo wa meza. "Na kichocheo?"

Darasa zima liliitikia, na hakuna sentensi yoyote iliyokuwa ubaoni. "Mshenga!"

"Anaharakisha ndoa lakini yeye haoi," alisema yule mrefu. "Harusi ikiisha anarudi kwake kama alivyokuja, na anaweza kwenda kuozesha wengine."

"Na hahusiki kama ndoa itadumu au wataachana," aliongeza msichana. "Hilo ni la mizania ya mmenyuko. Mwalimu alisema hilo tusimwulize, atatufundisha Madam."

Nikaomba nieleweshwe mambo haya yalifanyikaje bila shule nzima kusikia. Wakaniambia. Walisogeza madawati ukutani, Mwalimu akachora boksi kwa chaki sakafuni, wakavua viatu wote ili wasisikike. Ndoo hakuwa nayo, kwa sababu ofisi ya Mkuu ilikuwa ukuta wa pili, kwa hiyo joto lilikuwa nyusi zake. Akizishusha wanatembea, akizipandisha wanakimbia kwa soksi. Kila mmoja alipata zamu ya kusimama mbele na kuamuru joto kwa nyusi zake mwenyewe, na wapo waliofanya mazoezi nyumbani kwenye kioo. Uraia wenyewe pia aliwafundisha, wakanihakikishia. Jumatatu.

Likizo ilipofika nilikwenda Maruku. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anageuza kahawa mkekani. Mke wake alinikumbatia, akaniletea kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, tukatafuna. Nilijitahidi kuvaa uso wa ofisi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja na malalamiko. Wanafunzi wako wanajua mwendo wa mmenyuko kabla sijawafundisha."

"Marahaba. Wanafunzi gani? Mimi nilifundisha familia. Mada imo kwenye mtaala."

"Na nyusi nazo zimo kwenye mtaala?"

"Nyusi ni mali yangu," alisema, na hakuinua uso. Aligeuza kahawa upande mmoja, akaigeuza tena upande ule ule. "Wewe unasemaje, walielewa?"

"Walielewa, Mwalimu. Kuliko wote niliowahi kuwafundisha mimi."

"Hukuwaandikia ubaoni?"

"Sikuandika neno. Chaki sikuigusa."

Nilitaka kumwambia mengine, kwamba nilitaka kulia pale darasani, na nikamwambia. Alitikisa kichwa tu, akaipitisha kahawa mdomoni kutoka shavu hili kwenda lile.

"Wote?" aliuliza.

"Wote. Isipokuwa wawili, ndugu, wamehamia kwetu mwaka huu. Hawakukukuta. Hao bado wanakariri."

"Kwao wapi?"

"Buhembe. Nadhani wako nyumbani, shule zimefungwa."

Aliweka fimbo ya kugeuzia kahawa chini. "Mama," aliita, "nipatie viatu."

Mke wake alichungulia mlangoni. "Unakwenda wapi na kahawa iko nje?"

"Buhembe. Kuna watoto wawili hawajapata Kemia yangu."

"Baba, si ulishastaafu? Tumekula na pilau."

Alikuwa ameshaanza kufunga kamba za viatu. "Nilistaafu Uraia," alisema. "Kemia bado."